Ndoa Ikivunjika, Haki Haivunjiki



Tunapowafundisha wachumba hapa Kamalondo, mara nyingi mmoja wao huuliza ulizo lisilomo katika kitabu cha mafundisho: «Mwalimu, je, ni halali Mkristu kupeleka mambo ya ndoa yake barazani kwa hakimu?» Wengine hucheka, maana hawapendi kusikia habari za kuachana kabla ya arusi. Lakini yeye aliyeuliza hacheki. Anamfikiri dada yake aliyerudi kwa wazazi pamoja na watoto watatu, au anamfikiri mama yake mwenyewe. Ulizo lake lastahili jibu la kweli, wala si maneno mawili matatu ya kumnyamazisha.

Mtaani twasikia majibu ya namna mbili. Wako wanaosema: Eklezia inakataza talaka; basi anayekwenda kwa hakimu ametenda dhambi; avumilie, asali, anyamaze. Na wako wanaosema: mambo ya ndoa ni mambo ya ukoo, wazee wamekaa, mali imerudishwa, neno limekwisha, karatasi ya Leta ni ya nini? Hawa wa kwanza na hawa wa pili hawapatani hata kidogo. Walakini, ukitazama vizuri, utaona kwamba mashauri yao yanamwacha mtu yule yule mahali pale pale: yuko nje ya mlango, mfuko mkononi, hana mahali pa kulala, hana chakula cha watoto, hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwa mke wa mtu. Sisi twasema kwamba wote wawili wamekosa, na kosa lao ni moja. Wanadhani kwamba mapendo yakiisha nyumbani, haki nayo imekwisha. Sivyo. Watu wawili waweza kushindwa kukaa pamoja. Hawawezi kamwe kufunguliwa deni la haki walilo nalo kila mmoja kwa mwenzake, na wote wawili kwa watoto wao.

Mji wa makabila mengi

Kwanza tukumbuke tunakaa wapi. Kamalondo si kijiji cha kabila moja. Ni mtaa wa zamani wa watu weusi katika mji huu, nao uliitwa Cité Albert zamani za Elisabethville. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na watu walikuja kutafuta kazi kutoka pande zote: Waluba, Wabemba, Walamba, Wasanga, Walunda, Wasonge, na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1931 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya kuweka miji ya namna hii chini ya utawala wa peke yake, ikaiita «centre extra-coutumier», yaani mahali palipo nje ya desturi. Waamuzi weusi waliwekwa katika baraza la centre, na kesi za ndoa, za mali na za watoto ziliwajia kila siku. Tangu mwaka 1933 jarida la mabaraza hayo na la desturi za Kongo lilipigwa chapa papa hapa Elisabethville, kwa bidii ya mwanasheria Antoine Sohier na wenzake, kwa kuwa waliona kwamba mambo haya ni magumu, yataka kuandikwa na kuchunguzwa.

Ugumu wenyewe ni huu. Kwa Wabemba na Walamba, watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu yao. Kwa Waluba wa Katanga, watoto ni wa ukoo wa baba. Sasa Mluba amemwoa binti wa Kibemba hapa mjini, wamezaa, kisha wamegombana. Desturi ipi ifuatwe? Kila ukoo huja na desturi yake, na kila ukoo waikumbuka vizuri sehemu ile inayowafaa. Mwishoni anashinda mwenye nguvu au mwenye fedha.

Hatusemi kwamba desturi ni mbaya. Kijijini desturi ilikuwa na ulinzi wake. Mume aliyemfukuza mke bila neno aliona haya mbele ya wakwe zake, maana alikutana nao kila siku njiani, mtoni na shambani. Lakini mjini, wazee wanaokaa uani siku ya Mungu kukata neno la ndoa, pengine ni wajomba wawili na rafiki mmoja. Wazee wenyewe wako mbali, wengine wamekufa. Jina ni desturi bado, lakini ulinzi wake haupo tena.

Kwa sababu hiyo sheria iliingia polepole mahali palipoachwa wazi. Amri ya tarehe 5 Julai 1948 ilitaka kulinda ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza kuoa wake wengi. Baada ya uhuru, nchi yetu ilijitungia sheria yake yenyewe ya jamaa, «Code de la famille», ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ikatengenezwa upya kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Hiyo ndiyo inayotuongoza leo. Tuitazame katika maulizo yale ambayo watu huuliza zaidi.

Nani aweza kuivunja ndoa?

Watu wengi husema: «Nimekwisha kumwacha.» Mbele ya sheria neno hilo ni bure. Sheria yakataza mtu kumfukuza mwenzake na kuita jambo hilo talaka. Mume hawezi kuivunja ndoa kwa kinywa chake, wala mke kwa kuondoka. Wazee nao hawawezi kuivunja kwa kurudisha mali. Mali ikirudishwa, ni jambo kati ya koo mbili. Lakini wale wawili ni mume na mke bado, mpaka hakimu aseme neno lake. Na mwanamume anayeoa mwingine serikalini kabla ya hapo ajua kwamba anaingia katika kosa ambalo sheria yalipa adhabu.

Baraza linalohusika huitwa «Tribunal de paix», yaani baraza la amani, na jina hilo lafaa. Hakimu haanzi kwa kuvunja. Humsikia kwanza yule anayedai, humpa mashauri. Kisha huwaita wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Akishindwa ndipo kesi yenyewe huanza. Wala hakimu hawezi kutoa talaka kwa sababu tu mmoja amechoka. Yampasa aone katika mambo yaliyotendeka kwamba nyumba hii haiwezi tena kusimama, na aandike wazi sababu zake. Basi wanaosema kwamba baraza ni mahali pa kuachana upesi hawajaingia humo. Uani kwa wajomba watu huachana kwa saa moja. Kwa hakimu haiwezekani.

Hapa twataja neno moja linalowaponza Wakristu wengi. Ndoa iliyofungwa mbele ya ukoo ni ndoa mbele ya sheria, lakini yapasa kuandikwa komini, kwa mwandishi wa etasivili. Ndoa ya kanisa peke yake haitambuliwi na serikali. Wako watu waliofunga ndoa takatifu kwa shangwe, picha ziko ukutani, lakini komini hawakufika hata siku moja. Siku ya matata, mke aonyesha picha na pete, naye aambiwa: «Tuletee karatasi ya ndoa.» Kisha huanza kazi ndefu ya kutafuta mashahidi.

Watoto ni wa nani?

Sheria haiulizi kwanza kama watoto ni wa ukoo wa baba au wa mama. Yauliza: mahali gani watoto hawa watakaa vizuri? Hakimu aweza kuwakabidhi kwa baba, au kwa mama, au hata kwa mtu mwingine, akitazama faida yao wenyewe. Na yule asiyepewa watoto bado ni mzazi: ana ruhusa ya kuwaona, na ana deni la kusaidia kuwalisha na kuwasomesha kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo baba anayesema «mama yao ameondoka nao, awalishe mwenyewe» amekosa. Na mjomba anayewashika watoto mpaka mali iliyobaki ilipwe amekosa vilevile, maana amewageuza wajukuu wa ukoo kuwa rehani, kama vile baiskeli.

Wazee walisema: wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Maneno haya yote wanayajua, lakini siku ya kugawana vyombo hawayakumbuki.

Nyumba na vyombo ni vya nani?

Siku ya kuandika ndoa, sheria yawapa mume na mke nafasi ya kuchagua namna ya kuweka vitu vyao: kila mmoja na vyake, au vyote kuwa vya wote wawili, au vile tu walivyopata katika ndoa kuwa vya pamoja. Wasipochagua neno lo lote, yafuatwa namna hii ya mwisho. Maana yake, paseli waliyonunua wakiwa mume na mke, na nyumba waliyojenga juu yake, ni vya wote wawili, hata kama karatasi ina jina la mume peke yake. Vile ambavyo mmoja alikuwa navyo kabla ya arusi, au alivyorithi kwa wazazi wake, hubaki vyake.

Wanaume wengine hukasirika wakisikia hayo. Husema: «Fedha zilitoka katika mshahara wangu.» Tuwaulize: nani alifuga kuku na kuuza maandazi sokoni miezi ile mshahara haukufika? Katika mji huu wa migodi, jamaa nyingi zilikaa miezi mingi bila kulipwa, tena si mara moja, na walikula kwa sababu mama alikuwa na meza ya biashara mbele ya nyumba. Jasho la mke halikuandikwa katika daftari la kampuni, lakini lilikuwa jasho.

Lakini haki ni ya pande zote. Tumesikia pia habari za kaka na dada za mke wanaofika na gari, mume akiwa kazini, nao huchukua kitanda, friji, hata mabati. Huo si ugawaji, ni wizi, ingawa unatendwa na wakwe.

Tena sheria yampa hakimu uwezo wa kuamuru kwamba yule aliyeingia katika shida kwa ajili ya talaka apewe msaada wa maisha kutoka kwa mwenzake. Na tangu mwaka 2016 mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mumewe ili kutenda mambo yake mbele ya sheria. Wamama wengi hawajapata habari hiyo. Tuwaambie.

Na Eklezia yasemaje?

Sasa twafika kwenye moyo wa ulizo. Bwana wetu Yezu Kristu, Mafarisayo walipomjaribu kwa habari ya talaka, aliwarudisha mpaka mwanzo: Mungu aliwaunganisha mume na mke kuwa mwili mmoja, na mtu hana amri ya kuwatenganisha. Fundisho hilo halikubadilika. Hakimu wa serikali hawezi kufungua kifungo cha Sakramenti. Hukumu yake yagusa nyumba, watoto na mali, haiigusi ndoa iliyofungwa mbele ya altare. Aliyepewa talaka barazani, mbele ya Mungu ni mume au mke bado, wala hawezi kufunga ndoa nyingine.

Lakini tusiishie hapo, kama wanavyofanya wale wa jibu la kwanza. Katekisimu ya Eklezia Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba ikiwa talaka ya serikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani, au malezi ya watoto, au urithi, yaweza kuvumiliwa, wala si dhambi. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 nayo yajua kwamba mtu aweza kutengana na mwenzake, kifungo kikibaki, kama maisha ya pamoja yana hatari kubwa kwake au kwa watoto. Basi mama anayepigwa mpaka kulazwa hospitali hatakiwi kurudi kwenye fimbo ili aonekane Mkristu mwema. Na aliyeachwa bila kosa lake, akabaki mwaminifu, hakufukuzwa kwenye Meza ya Bwana. Wako wanaomtazama kwa jicho baya anapokwenda kupokea Komunyo. Hao ndio wenye dhambi ya kuungama.

Jambo jingine ni la wale ambao ndoa yao haikuwa ndoa tangu mwanzo, labda kwa kulazimishwa au kwa kudanganywa katika neno kubwa. Hao huenda kwenye baraza la Eklezia, nalo huchunguza kama kifungo kilikuwapo au hakikuwapo. Papa Fransisko alifupisha njia hiyo mwaka 2015. Lakini hiyo si talaka, na kuyachanganya mambo haya mawili huwapotosha watu.

Mtu atasema: «Lakini Mtume Paulo aliwagombeza Wakorinto kwa kuwa walishtakiana mbele ya waamuzi wapagani.» Ni kweli. Soma lakini mpaka mwisho. Aliwauliza kama hakuna kwao hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu, kisha akawagombeza zaidi kwa sababu walidhulumiana. Hakusema kwamba aliyedhulumiwa aachwe hivi hivi. Tena Paulo mwenyewe, alipoona kwamba hatapata haki, alikata rufani kwa Kaisari, wala hakufikiri kwamba ameikana imani yake.

Tumtazame Musa pia. Aliamuru mume anayemwacha mke ampe hati mkononi. Kwa nini hati? Ni kwa sababu mwanamke aliyefukuzwa kwa maneno matupu yuko mashakani siku zote: mume aweza kumdai kesho, au kumshtaki kwamba ni mzinzi. Hati ilimlinda. Bwana wetu alisema kwamba Musa alifanya hivyo kwa sababu ya ugumu wa mioyo, hakuisifu talaka. Lakini tufahamu vizuri: mioyo migumu ilikuwa ya wale wanaofukuza, wala si ya yule aliyepewa hati. Karatasi ya hakimu ni dawa chungu kwa ajili ya ugonjwa uliokwisha kuingia. Kumnyima mgonjwa dawa hakumponyi.

Yanayotupasa sisi

Hatutaki mtu adhani kwamba baraza litamaliza yote. Safari ya kesi ni ndefu, karatasi zataka fedha, na wengine hushinda kesi lakini hawaoni hata franka moja. Ndiyo maana kazi ni yetu sote.

Mapadri na waalimu, tusimalize mafundisho ya wachumba bila kuwauliza kama wamefika komini. Wenye shirika la mtaa, nyumba ikianza kuwaka tufike mapema, kabla watu hawajaanza kupeana maneno yasiyosahaulika. Upatanisho wa kweli ni bora kuliko hukumu yo yote. Lakini tusiwapatanishe kwa nguvu, na tusimwombe anayeumizwa anyamaze ili parokia isitiwe haya. Wenye elimu ya sheria miongoni mwetu wawasindikize wasiojua kusoma. Kusimama karibu na mjane au na mke aliyeachwa mbele ya mlango wa hakimu ni tendo la huruma, sawa na kumtembelea mgonjwa.

Na nyinyi wazee mnaoitwa kukaa uani siku ya matata, watu wanawaheshimu, na ni vizuri. Twawaomba neno moja. Kabla hamjainuka kwenda zenu, ulizeni mambo matatu, na msiinuke bila kupata majibu: Huyu anayeondoka atalala wapi usiku wa leo? Nani atawalisha watoto na kuwasomesha? Na karatasi ya ndoa iko mkononi mwa nani? Kama hamna majibu, basi neno halijakwisha, hata kama mali imehesabiwa na mikono imeshikanwa. Wapelekeni kwa hakimu, mwende pamoja nao.